Kiti cha Kushoto

Mjukuu wangu Keza,

Huku Mbugangari tu wazima, na mama yako ameleta viazi vizuri kutoka Kanzenze. Umeuliza mbona hatuliuzi lile lori kuukuu, maadamu Babu yako ana gari jipya.

Lori lile tulitoka nalo Tanzania tungali vijana. Usukani wake uko kulia, na huku magari huendeshwa kulia mwa barabara, kwa hiyo Babu yako hakuweza kuona mbele ya gari lililomtangulia. Mimi nilikaa kushoto, nikawa jicho lake. Siku ile tunaingia Kanzenze, ukungu ulitushukia tukiwa nyuma ya lori la mkaa.

"Nipite?"

"Bado."

Tukaenda taratibu, kama tunaelea mawinguni, hadi nikasema, "Haya, pita." Akapita, wala hakuuliza mara mbili.

Gari jipya usukani uko kushoto, anajionea mwenyewe. Lakini juzi, nyuma ya Fuso, nilijikuta nimenong'ona, "Bado." Barabara mbele ya Fuso ilikuwa tupu, naye kutoka kushoto aliiona.

Babu yako akapunguza mwendo, akangoja nimruhusu.

Bibi yako