Jina Lililoandikwa Mara Moja

Mama, mwaka umetimia tangu uache kikombe chako cha chai juu ya meza ya jikoni, umekifunika kwa kisahani, ukasema utakimalizia ukirudi kutoka hospitali. Hukurudi. Kwa siku tisa Baba hakukubali mtu akiguse. Siku ya kumi alikiosha mwenyewe, akakirudisha palepale, akakifunika.

Picha tuliyoiweka hapo juu ni ile ya kitambulisho cha kazi, maana ndiyo peke yake ambamo hukufumba macho. Juu ya picha kuna jina lako. Wasomaji wengi wanaliona leo kwa mara ya kwanza, na wanachojiuliza tunakijua, kwa kuwa wewe uliulizwa hichohicho tangu utotoni. Limetoka wapi hilo? Na maana yake nini?

Limetoka kwa muuguzi. Babu alikuwa dereva wa lori, na siku uliyozaliwa alikuwa njiani. Bibi alijifungua mikononi mwa muuguzi mmoja mgeni, aliyemshika mkono tangu alfajiri hadi saa sita mchana bila kukaa chini. Babu alipofika na vumbi lake, akauliza yule dada anaitwa nani, akakupa wewe jina hilo palepale. Alipokumbuka kurudi kuuliza maana yake, muuguzi alikuwa ameshahamishwa, na aliyejua amehamishiwa wapi hakupatikana.

"Nilikuwa na furaha, mwanangu," Babu alikuwa akijitetea kila ulipomshikia bango. "Ningekumbuka kuuliza nini?"

Labda ndiyo sababu ulichagua kazi uliyoichagua. Miaka thelathini na mbili ulikaa kwenye meza moja katika ofisi ya vizazi na vifo, ukiandika majina ya watoto wa watu. Kila mzazi ulimwuliza jina la mtoto lina maana gani, ukaliandika jibu lake kwa penseli, herufi ndogo ndogo, pembeni mwa ukurasa. Hakuna mkubwa aliyekuagiza. Ulisema mtoto akija siku moja kuuliza, asikose wa kumjibu. Wenzako wakakubatiza Bi Penseli, nawe ukawa unaichomeka kwenye nywele hata siku za sherehe.

Jioni ulituletea habari za majina kama mtu anayetangaza matokeo ya mpira. Wiki hii mwimbaji fulani amezaliwa mara saba. Jina la nyanya zetu limefufuka, limepata watoto watatu tangu Jumatatu. Majina mengine yalipanda, yakashuka, yakapanda tena. Lako halikuwahi kupanda wala kushuka. "Mimi sina wajina," ulikuwa ukisema huku unacheka, na sisi tulicheka pamoja nawe, tukijua kabisa kwamba lilikuwa linakuuma. Wajukuu wako wawili walipozaliwa tulitaka kumpa mmoja wao jina lako. Ukakataa katakata. Ulisema hutambebesha mtoto kitu ambacho hata wewe hukijui.

Hukijui, lakini ukiulizwa hukukosa jibu. Hilo tuliligundua siku ya msiba. Fundi wako wa cherehani alisimama, akasema marehemu alimwambia jina lake maana yake ni asiyebanwa kiunoni, na ndiyo maana kila gauni lako alikuachia nafasi. Muuza mkate wa pale kona akashangaa, kwani yeye aliambiwa ni mwenye mkate wa kwanza, na kwa miaka kumi na nne amekuwa akikuwekea ule unaotoka tanurini kabla ya mingine. Shangazi naye, wifi yako, akajifuta machozi akasema, "Mimi aliniambia maana yake ni mshinda mawifi. Na kweli alinishinda." Watu walicheka hadi wakalia upya. Ulitupa kicheko siku ambayo hatukukitegemea, Mama, na tunakushukuru.

Baba hakucheka. Alikuwa ameshamwagiza mchonga mawe aandike jina lako kwenye jiwe la kaburi, na chini yake, kama ulivyowafanyia watoto wote wa mji huu, maana yake: aliyekuja kukaa. Hiyo ndiyo aliyoijua yeye. Ndiyo uliyotupa hata sisi tulipokuwa wadogo, tukikuuliza mezani, nawe ukimwangalia Baba kwa jicho la pembeni. Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa mchonga mawe, akamwambia asimamishe kazi kwenye jina.

Jiwe lako likakaa pale karakana miezi kumi na moja, lina mstari mmoja na nafasi tupu chini yake. Baba akawa mtu wa kupita huko kila Ijumaa, analitazama, anarudi. Useremala aliuacha. Randa yake ilishika kutu. Chai anapika ya watu wawili, anakunywa yake, yako anaimwaga kwenye ua lako la dirishani, na ua lenyewe limekonda kwa chai nyingi. Tulimsihi ahamie kwetu, akasema nyumba haiwezi kuachwa peke yake.

Kilichokuwa kikimla alimwambia Shangazi tu, na Shangazi, unamjua, hakukaa nacho.

"Mimi nilidhani lile aliniambia kweli," alisema Baba. "Kumbe nilikuwa kwenye foleni moja na muuza mkate."

"Sasa kaka, neno moja tu hilo."

"Mtu akikuambia amekuja kukaa, ukaishi naye miaka thelathini na moja kwa neno hilo, halafu akaondoka, halafu ukasikia neno lenyewe lilikuwa utani, wewe utabaki na nini?"

Shangazi aliinuka. Alikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Mwezi uliopita ofisini kwako walimpigia simu. Droo ya meza yako inakwama, na karani aliyekaa kwenye kiti chako, binti mdogo mwenye miwani, aliambiwa yuko fundi aliyeitengeneza zamani. Baba alitaka kukataa. Kisha akatafuta randa yake, akaipiga msasa, akaenda.

Alimkuta yule binti na rundo la madaftari na kifutio. Yote yanaingizwa kwenye kompyuta, na ameagizwa afute kwanza kila kilichoandikwa pembeni, picha zitoke safi.

"Roho inaniuma, baba," alimwambia. "Maana ya jina langu mwenyewe imo. Sikuwahi kujua kwa nini naitwa hivi mpaka nilipokuta hapa."

Baba akamwomba daftari la mwaka uliozaliwa wewe. Wewe ulizaliwa katika mji huu, lakini Babu alikuhamisha ukiwa na miaka miwili. Uliporudi ulikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano, karani wa muda, umeomba miezi mitatu tu ili umtafute yule muuguzi. Uliandika barua, ukagonga milango ya wazee wa hospitali, hukuambulia kitu. Hayo ulitusimulia. Kumbe hukutusimulia yote.

Binti alifungua ukurasa. Jina lako lilikuwa pale, mara yake ya kwanza na ya mwisho katika madaftari yale yote. Pembeni, kwa penseli, mwandiko wako: *Maana haijulikani.* Maneno hayo yamekatwa kwa mstari mmoja. Chini yake: *Aliyekuja kukaa. Nimeambiwa na fundi wa droo.* Na tarehe.

Baba alikaa kwenye kiti cha wateja. Hapo ndipo ilipomrudia. Alikuwa kijana, ameitwa kutengeneza droo moja, akaitengeneza kwa siku tatu, na ofisi nzima ikajua ugonjwa wa fundi si droo. Siku ya mwisho alisikia unafunga mizigo wiki ile. Akiwa amepiga magoti chini ya meza, uso hauonekani, alikuuliza jina lako lina maana gani. Ukamwambia halina, liko tu. Naye, kwa kukosa la kusema, akasema basi yeye anaona maana yake ni aliyekuja kukaa. Jumatatu akasikia umeomba uhamisho wa kudumu, na furaha ikamsahaulisha kila kitu alichokisema. Miaka yote ulipolitaja neno lile mezani ukimwangalia kwa jicho la pembeni, alidhani neno ni lako, unampa. Kumbe ulikuwa unangoja akumbuke.

Alilia pale ofisini, Mama, mbele ya watu waliokuja kuchukua vyeti. Alisema kwa sauti kwamba angekumbuka mapema angekwambia. Karani akazunguka meza akampa leso. Alipomwona anaangalia kifutio, akafunga daftari polepole.

"Ukurasa huu nitausahau," alisema.

Droo sasa inafunguka kwa kidole. Mchonga mawe aliambiwa amalizie, naye, mtu wa kutaka kujua, akauliza kama mzee ana uhakika, maana wenye msiba wamekuwa wakisema mengi.

"Andika," alisema Baba. "Hilo nilimpa mimi."

Jiwe limesimama tangu Jumanne. Tulidhani sasa atapata nafuu, na kweli analala vizuri zaidi, lakini chai bado anapika ya watu wawili. Jumamosi mdogo wetu, ambaye anatarajia kujifungua mwezi ujao na ameambiwa ni msichana, alikaa karibu naye akamwomba ruhusa ya kumpa mtoto jina lako. Jina maana yake imejulikana, kwa hiyo lile katazo lako limekwisha.

"Mniachie kwanza," alisema Baba. "Mimi bado nalitumia."

Hatukumwelewa, hadi alipokwenda jikoni. Tukamsikia anakuita jina lako lote, kwa sauti ya kawaida tu, akikuuliza sukari umeiweka wapi.

Tunaokukumbuka ni wanao watatu, wakwe zako, wajukuu zako wawili na mmoja aliye njiani, wifi yako uliyemshinda, na mumeo, fundi wa droo. Hatutaacha kukukumbuka, Mama, wala kukuita.