Koili Niliyomsukia Bhoke

S.L.P. 88,
Migori.
17 Novemba 1996.

Kaka yangu mpendwa Nyamhanga,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai wewe na watoto hamjambo huko Uswidi, na kwamba baridi haijakurudia kifuani. Sisi tupo, ila mimi nimechoka, kaka, na uchovu huu si wa kazi.

Unajua binti yangu Bhoke aliugua homa ya uti wa mgongo mwezi wa nne. Alipona, lakini ukimwita hageuki. Hospitalini tumeambiwa tungoje hadi Februari ndipo apimwe masikio. Nikasema, mimi fundi wa redio nitakaaje tu?

Basi nikasuka koili ya waya wa shaba juu ya chuma nilichotoa kwenye transfoma mbovu. Umeme wetu huu una mngurumo mmoja mzito. Lakini ukiuzidisha mpaka chuma kishibe sumaku, unavunjika, na ndani yake unapata milio mingine, myembamba mara tatu, mara tano, mara saba. Kwa kapasita nikachagua mlio mmoja mmoja, nikaupeleka kwenye spika.

Alhamisi nilimketisha mezani, nikamwonyesha kwa ishara afumbe macho na ainue mkono akisikia. Aliinua kila nilipowasha, kaka, hakukosa hata mara moja. Shemeji yako Damaris alilia, na jana Sabato akasimama kanisani kutoa shukrani.

Leo asubuhi ndipo nilipoona ujinga wangu. Koili na spika vilikuwa juu ya meza ileile aliyoegemeza viwiko. Chuma kikishiba hutetemeka na kuitetemesha meza, na mimi fundi mzima sikuwaza hilo. Nikavihamishia kitandani, nikawasha milio yote mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mkono wa Bhoke haukuinuka.

Damaris ameenda Homa Bay kwa dadake, anarudi jioni. Sijui nitaanzia wapi kumwambia. Kanisa zima limeshampongeza.

Wasalimie shemeji Mourine na Byron wetu. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Uniwie radhi kwa mwandiko. Bhoke amenivuta shati, akaonyesha meza mpaka nikairudisha koili na kuiwasha. Sasa amelaza shavu juu ya mbao, anacheka, nami naandikia papo hapo, ndiyo maana herufi zinatetemeka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Wangwe