Sehemu ya Mwisho Uliyotuzimia, Mama

Mwaka umekatika, Mama, tangu ulipotutoka. Cherehani yako bado iko pale dirishani, uzi wa buluu ukiwa kwenye tundu la sindano, na hakuna aliyethubutu kuukata. Shangazi anaifuta vumbi polepole, kama anayempita mtu aliyelala.

Ulishona sare za shule, suti za harusi, na mapazia ya watu waliohamia nyumba hata kitanda hawana. Mteja akinenepa, ulimwambia nguo imerudi na kubana ilipofuliwa. Hukupenda mtu yeyote atoke kwako na neno zito.

Mchana wa Jumapili ulikuwa wako. Ulitukusanya sebuleni tuangalie tamthilia za kale, zile zilizobeba tuzo, za vita na wajane na watoto wasiorudi. Sisi tulilia, wewe ulikagua mishono. "Malkia anazika mume na gauni lina zipu," ulisema. "Huyo fundi wake kazaliwa lini?" Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Ila ile ya mke wa askari, uliyoipenda kuliko zote, hukuturuhusu kuimaliza. Sehemu ya mwisho mjumbe anashuka farasi, anatembea taratibu, anagonga mlango. Hapo hapo ulizima. Tukilalamika, ulitumalizia mwenyewe: "Kaja kuomba maji. Kanywa, kashukuru, kaenda zake. Mume yuko njiani." Uliisimulia vizuri kiasi kwamba tulimwona askari akipanda kilima, anachechemea, mkate kwapani. Katika nyumba yetu yule mtu hakuwahi kufa.

Tulikuwa tumekuzoea hivyo. Ndiyo maana daktari alipotufuata kwenye korido ya hospitali na kusema, "Naomba tukae, tuzungumze kuhusu mama," Baba aliinuka haraka na kumuuliza, "Daktari, umechoka wewe. Tukuletee maji?" Tulicheka, Mama. Dereva, mwanao wa pili, akaenda kabisa kununua chupa. Aliporudi, daktari alikuwa ameshaitwa wodi nyingine, na sisi tukashukuru kimoyomoyo. Tulikuaga kwa mzaha, tukaenda nyumbani kulala.

Hatukukuona tena ukiwa hai.

Sasa tuna jambo la kukwambia, na hatujui pa kulipeleka zaidi ya hapa. Baba anapungua. Mkanda wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Anatengeneza friji moja kutwa nzima, anakaa chini, anaitazama. Chakula kinamkwama. Sauti yake imekuwa nyembamba, na sote tunajua tuliwahi kuisikia wapi sauti ya namna hiyo, ingawa mezani hakuna anayesema.

Tulimburuta akapimwe. Majibu yalipotoka, walimpigia simu: aje, na aje na mtu wa familia. Baba akajibu kwa upole wake wote, "Ahsante, mwanangu. Yaacheni yapumzike kwanza." Akaiweka simu kwenye droo ya cherehani yako, chini ya vitambaa. Imekuwa ikiita humo ndani, inanyamaza, inaita tena. Tukiisikia, kila mtu anapata kazi ya kufanya jikoni.

Jumapili iliyopita mimi, kifungua mimba wako, nilichoka. Niliweka ile ya mke wa askari, sehemu ya mwisho. Shangazi alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Wifi yangu hakuizima kwa bahati mbaya," alisema. "Mnafungua nini nyinyi?" Niliogopa pia.

Mjumbe akashuka farasi. Baba akanyoosha mkono kutafuta rimoti. Nilikuwa nimeikalia.

Yule mke alifungua mlango. Mjumbe alisema yote, bila kupunguza, na mke hakuanguka. Alisikiliza amesimama, akishika mwimo wa mlango, kisha akauliza kitu kimoja tu: wakati wa kukata roho, mume wake alikuwa na nani? Mjumbe akainamisha kichwa. Alikuwa peke yake.

Tamthilia iliisha, majina yakapita, muziki ukaisha, na hakuna aliyejisogeza. Dereva alikuwa analia bila kujificha. Baba alikuwa bado anatazama kioo cheusi.

"Na mama yenu," alisema, "alikuwa na nani?"

Nesi wa zamu ya usiku ule alikuwa ametwambia kwamba uliuliza kama tumeshafika.

Baba aliuliza tena, polepole, na safari hii nikamwambia: "Hakuwa na mtu, Baba." Kisha akasema, "Mimi msinifanyie hivyo," akaenda kwenye droo, akaitoa simu kati ya vitambaa vyako, akapiga yeye.

Kesho asubuhi tunaingia kwa daktari sote. Shangazi ameshasema yeye atakaa karibu na mlango, mtu asitoke. Hatujui tutaambiwa nini. Tunajua tutasikia mpaka neno la mwisho, na Baba atakuwa katikati yetu.

Unakumbukwa na mumeo, fundi wa friji. Na wanao, kifungua mimba, Dereva, na kitinda mimba wako anayejifunza kushona kwa kubahatisha. Na wifi yako. Na wateja wako wote ambao nguo zao zilirudi.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe. Tunajua una hamu ya kumwona Baba, na yeye ana hamu nawe zaidi. Lakini tunakuomba, Mama: usimwite bado.