Maziwa Yenu Yamebaki

Toronto

Dada Apolonia,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima nautangazia ukoo mzima, kuanzia kihamba cha juu, shamba letu la urithi, hadi Shirimatunda, kwamba mimi mdogo wako nimenunua kofia ya sufu. Ni ya kijani, na nikiivaa nafanana na kabichi iliyosahaulika sokoni Kiboriloni. Ikiwezekana tangazo lisomwe kanisani. Goti la mama linaendeleaje? Na wewe, bado unawagombeza wateja mpaka wananunua kwa woga?

Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio umelala chini.

Unakumbuka lile jukwaa jipya la programu nililokusimulia kwenye simu, ukasema, "Aloyce, mimi nauza ndizi, ongea taratibu"? Basi nikueleze kwa maziwa. Kompyuta zetu za kazini zilikuwa kama mtu anayesimama barabarani na ndoo yake mpaka gari la maziwa lifike; haondoki, hapalilii. Jukwaa hili linakuruhusu kuacha ndoo, ukaambiwa "imepokelewa", ukaenda zako. Gari litapita kwa wakati wake. Kampuni yetu hupeleka chakula kwa wazee wanaoishi peke yao, na oda zilikuwa zinakwama. Nikawashawishi wakubwa walinunue. Nilihubiri, dada, kama katekista siku ya kipaimara.

Kosa langu ni la mtu wa mlimani. Kwetu gari likiruka ndoo ya mtu, nani hunyamaza? Mama Mkunde atapiga kelele kutoka ng'ambo ya mfereji: "Nyie! Maziwa yenu yamebaki, yanachacha!" Kwa hiyo sikuweka kengele yoyote ya kuonya. Ikaingia oda moja yenye anwani mbovu. Mtambo ukashindwa kuisoma, ukairudisha mbele ya foleni, ukaijaribu tena, ukashindwa tena, na zote za nyuma yake zikasimama. Kila aliyeagiza aliambiwa "imepokelewa". Wikiendi nzima hakuna aliyepiga kelele.

Jumatatu bibi mmoja alimwambia dereva wetu, "Nilidhani mmenichoka." Maneno hayo nalala nayo, naamka nayo. Mimi, niliyelelewa kwamba mzee hupakuliwa mtori kwanza!

Nisalimie shemeji, fundi wetu wa baiskeli, na shangazi wa kwaya, sauti yake isipungue. Mama Mkunde mwambie namkumbuka kuliko anavyodhani.

Sasa ukweli, dada. Nilikuambia nimepewa likizo ndefu. Hakuna likizo. Nimefukuzwa kwa kosa lile, na kibali changu cha kuishi huku kilifungamana na kazi ile. Kila asubuhi nachukua mkoba, natembea mjini kwenye baridi mpaka jioni, ili mwenye nyumba asijue. Ndiyo maana nikanunua kofia. Krismasi nakuja kweli, ila sina tiketi ya kurudi. Na mama ananenepesha mbuzi wa kumpokea mwanawe bosi.

Nimeshindwa kumwambia. Mwambie wewe, kisha unipigie. Usiseme tu kwamba barua umeipata. Nataka kusikia mama amesema nini.

Mdogo wako,
Aloyce