Usiyafute Maneno ya Maboksi

Basi, kama nilivyokuwa nakuambia simu ilipokatika, usiyafute, Neema wangu. Usifute hata mstari mmoja. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga tena, maana nataka maneno haya uyapate chini ya vidole vyako, kwenye kile kifaa chako cha nukta nundu, uyarudie kadiri upendavyo.

Unakumbuka tulivyoonana mara ya kwanza, kwenye harusi ya binamu yako pale Nakuru? Watu wanacheza, wewe umekaa pembeni na kifaa mapajani, vidole vinatembea. Nikakuuliza, "Dada, hicho ni kinanda gani kisichotoa sauti?" Ukanijibu bila kugeuka, "Nasoma, kaka. Na wewe unaongea kuliko MC." Nilicheka mpaka soda ikanipalia. Siku hiyohiyo nilijua nimekwisha.

Ukanieleza kazi yako kwa upole, hata mimi niliyeishia kidato cha nne nikaelewa. Kompyuta haijui yenyewe kugeuza herufi kuwa nukta; lazima ipewe jedwali la kuiambia herufi hii ni nukta hizi. Programu yenu ni huria, yeyote anaweza kuirekebisha, na wasioona wa dunia nzima wanaitumia bure. Jedwali la Kikorea lilikuwa na makosa. Mwalimu Sunhi, yule Mkorea asiyeona aliyekufundisha kompyuta kabla hajarudi kwao, alikuwa anasoma vitabu vilivyovurugika, nawe ukamwahidi kwamba utalitengeneza. Msichana wa Nakuru, na Kikorea! Nikajiambia, huyu nisipomwoa nitakuwa mjinga kupindukia.

Na fungate yetu je? Ulinifunga macho kwa leso, ukakishika kidole changu, ukanifundisha kulisoma jina lako. Nilikosea makusudi ili usiuachilie mkono wangu. Ulijua, sivyo?

Likizo ikaisha, nikarudi huku Dubai Investments Park, kulinda geti la ghala la tambi za Kikorea. Uliponiambia unahitaji maandishi ya kila siku ya kulijaribia jedwali, yasiwe ya vitabu tu, nilifurahi kama mtoto. Nikayapiga picha maneno ya Kikorea ya maboksi, simu ikayageuza kuwa maandishi ya kompyuta, nami nikayalinganisha na boksi herufi kwa herufi kabla ya kukutumia. Mzee Khamis, Mzanzibari anayesimamia ghala, akanikuta hapo.

"We Kamau, maboksi wayasoma kama msahafu! Yalla, fungua geti, lori lishafika."

"Namsomea mke wangu, mzee."

"Ee, mapenzi haya! Mie wangu nampelekea tambi, na yeye hazisomi, anazipika."

Sasa mmoja wa wenzako katika programu ameandika kwamba majaribio yako yanachekesha, kila mstari ni "weka pakavu" na "usikanyage", na kwamba Kikorea kingeachiwa Wakorea. Jana ukaniambia, kwa ile sauti ndogo nisiyoipenda, kwamba unataka kuyafuta yote na kumwachia kazi mtu mwingine. Mpenzi, kama ni kucheka, wanicheke mimi niliyeyaokota.

Lakini kumbuka Mwalimu Sunhi alipoyasoma. Hadithi zote za vitabuni zilikuwa zimepita salama. Kilichomkwamisha ni boksi la tambi: namba imegandana na neno, na kwa kuwa nukta za herufi ile zinafanana na za tarakimu, vidole vyake vikadhani namba bado inaendelea. Sheria ya nukta zao inataka nafasi hapo katikati, na jedwali halikuiweka. Ni nani angeligundua kosa hilo kwenye hadithi? Ulilirekebisha asubuhi ileile. Akakuandikia, "Sikujua tambi zina maneno mengi hivi. Miaka yote nawauliza watu boksi linasemaje. Nitumie lingine." Ulinisomea ujumbe huo huku sauti yako inaimba, nami nikatembea kutoka getini hadi kwenye basi la wafanyakazi nikitabasamu peke yangu, jua likiniwakia kichwani na nisilisikie.

Anayesubiri ni mwalimu, Neema. Yule anayekucheka hasomi kwa vidole. Toleo jipya la programu linakaribia kufungwa, na kazi yako isipoingia sasa, mwalimu atakaa na vitabu vilivyovurugika mpaka toleo jingine, ambalo hatujui litatoka lini.

Madam wa ofisini amesaini likizo yangu, alhamdulillahi kama wanavyosema huku. Nilitaka kukuomba unisubiri, tubonyeze pamoja kitufe cha kutuma, mkono wangu juu ya wako. Nimewaza njia nzima na nimeghairi. Kazi ni yako, na hofu ni yako kuishinda. Itume leo, kwa kidole chako mwenyewe, mimi nikiwa mbali. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwako, na nataka nimkute mke ambaye tayari ametuma.

Ni mimi, mumeo mpya, ninayekupenda hata sijui nianzie wapi.