Shangazi Hakumwita Mtu

"Mwanamke huyu anamwita mumewe arudi." Ndivyo alivyowafundisha mwalimu wenu huko Dar es Salaam? Upuuzi mtupu! Marahaba, Rahma mjukuu wangu. Sisi hatujambo, na mguu wa bibi yako umepata nafuu. Sasa lisome tena shairi la shangazi yangu:

*Naitika, naitika, sauti yako chumbani,*
*Mlango nimeufunga, wapitaje humu ndani?*

Neno "njoo" liko wapi hapo?

Adhuhuri moja, miaka ya hamsini, nilikwenda kumtazama nyumbani kwake Malindi. Alikuwa akipeta mchele. Ghafla akasema, "Naam, bwana!" Nikacheka.

"Shangazi, mumeo si tushamzika?"

"Ndiyo maana nshafunga mlango."

Hapo nikasikia makubadhi yakipanda ngazi nyuma yetu, polepole. Shangazi hakugeuka. Alinikamata mkono.

"Usiitike wewe."

Alimpenda mumewe, sikatai. Lakini hamu ile ilikuwa ikimwita kila siku, naye aliiogopa, na hakuweza kunyamaza.

Basi wewe na wenzako wa darasani, mwalimu akirudia maneno yale, simameni mumkatalie: mwanamke huyu hamwiti mtu, anaomba aachwe.