Vimeza Viwili vya Kando ya Kitanda

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili mchana, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu zangu zikufikie hapo bwenini, na zikukute umekaa kitako, si kwenye ngazi ukiwafokea wasichana wa watu. Hujambo? Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilisaidia, au uliipa kabati likae nayo? Na usingizi, unaupata, au bado unaamshwa na mabinti wanaoumwa tumbo kila ikikaribia mitihani? Nataka majibu ya yote haya, moja moja, usinijibu "niko poa" kama mtoto wa sekondari.

Mimi ni mzima. Macho tu ndiyo yananisumbua. Siku hizi uzi haupiti kwenye tundu la sindano mpaka nimejaribu mara kadhaa na kumlaani aliyebuni sindano. Lakini mkono bado upo, wateja bado wanakuja, na cherehani halijanisusia.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu mimi na wewe hatuwezi. Tukishaulizana hali unaanza vichekesho vyako, mimi nacheka, salio linakata, na lile nililotaka kusema linabaki kooni. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Habari ya kwanza ni kwamba nimekitengeneza upya chumba cha kulala. Tangu shemeji yako atutoke sikuwa nimegusa kitu mle. Mwezi uliopita nikapiga moyo konde, nikanunua rangi ya maziwa na brashi, nikajifunga kanga, nikapaka mwenyewe. Ile alama ya kichwa chake ukutani, pale alipokuwa akiegemea kusikiliza redio, iligoma kufunikwa, nikairudia tena na tena. Nililia, sikufichi, halafu nikaendelea kupaka kwa sababu rangi ilikuwa inakauka. Mapazia nimeshona kwa vipande vilivyobaki kwenye sare za shule, bluu na kijivu, na ukiingia sasa utadhani unaingia kwa mtu mwingine.

Kilichobaki kikawa vimeza vya kando ya kitanda. Miaka yote glasi yangu ya maji imekaa sakafuni, miwani juu ya stuli, tochi chini ya mto. Kila asubuhi nikishusha mguu naipiga teke glasi. Nikasema haiwezekani, chumba kipya na mimi naamka kila siku na mguu uliolowa.

Basi nikaanza kuzunguka. Dukani kwenye vioo vikubwa kuna vimeza vizuri, vina miguu ya dhahabu ya uongo na droo inayojifunga yenyewe taratibu kama mlango wa benki. Bei yake niliisoma nikadhani ni ya kitanda kizima na godoro lake. Nikamuuliza muuzaji kama hakuna vya watu wa kawaida. Akanionyesha vingine, nikavigusa tu kwa kidole vikayumba. Nikamshukuru nikala kona.

Sokoni kuna vya plastiki, rahisi, lakini vinanuka ndoo. Kwa wauza mitumba ya samani nikapenda kimoja chenye rafu ya vitabu, nikakigonga kwa kifundo cha kidole, kikatoa unga. Wadudu walishakila kikabaki rangi tu. Mwenyewe ananiapia kwamba ni mbao ngumu.

Mwisho nikaenda kwa fundi seremala wa pale karibu na mashine ya kusaga, yule mrefu anayetembea ameinama kama anatafuta msumari alioangusha. Alikuwa amemaliza kazi ya milango ya mtu na mabaki ya mbao yamejaa. Akaniambia kwa mabaki yale ataniundia kitu imara, droo moja na rafu chini, kwa bei ya vile vya plastiki na kidogo juu. Nikafurahi. Halafu akauliza, "Mama, kimoja au viwili?"

Chiriku, swali dogo hivyo! Fundi akangoja, penseli sikioni. Nikamwambia viwili.

Nikwambie kwa nini viwili. Unakumbuka mwezi wa pili uliponipigia, ukaniambia mkataba wako wa umatroni unaisha mwisho wa mwaka? Ukasema, "Labda nije kwako tukae wote, tuzeeke tukigombania blanketi." Ukacheka, ukaanza kunieleza habari za mpishi wenu na sufuria lililotoboka. Hukulirudia tena neno lile. Mimi nililishika. Nilikuwa nikikata kitambaa nalisikia, nikichuja chai nalisikia. Rangi, mapazia, yote nimeyafanya kwa ajili ya neno hilo. Chumba cha pili unakijua, kimejaa cherehani na magunia ya vitambaa, na kitanda changu ni kikubwa, tulilala watatu na wewe na mama ule mwaka wa msiba.

Sasa ngoja ucheke. Fundi alitaka vipimo. Nikachukua futi yangu ya shingoni, nikapima nafasi kati ya kitanda na ukuta, huku na huku, nikapima na kimo cha godoro ili mkono ufikie glasi bila kuinua kichwa. Kazi safi kabisa. Halafu nilipompelekea, mkono wenyewe, kwa mazoea, ukaongeza ya mshono. Kitambaa kinaliwa na mshono kila upande, usipoongeza nguo inambana mtu. Nikaongeza, wala sikujijua.

Vimeza vikaja na mkokoteni, vimepakwa vanishi, vinang'aa. Fundi akakiingiza cha kwanza, hakiingii. Akasukuma, kitanda kikalia. Akainama akapima, akaniangalia. "Mama, hapa ulipima wewe mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Na wewe si mtu wa vipimo?" Hapo ndipo akili ikanirudi. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba nimeongeza ya mshono.

Akakaa juu ya kimeza chake mwenyewe. "Mama," akasema, "mbao haishonwi." Akacheka mpaka akavua kofia akajifutia machozi. Nikacheka na mimi, ningefanya nini?

Mtu mwingine angevirudisha, angenitoza tena. Huyu alifuata msumeno na randa, akavipunguza mle mle chumbani, mlango wazi, nusu siku nzima. Vimekaa sawasawa sasa, ingawa kimoja kilipunguzwa zaidi na kina sura ya mtu aliyenyolewa vibaya. Maranda yalijaa mpaka chini ya kitanda. Alipomaliza akaona aibu kuniachia uchafu, akachukua ufagio wangu akafagia, akayatoa nje kwa beseni.

Na saa hiyo hiyo anapita nani? Mama Mkaa, jirani yangu. Anamwona mwanaume anafagia chumba cha kulala cha mjane, na dirishani mapazia mapya. Asubuhi aliona vimeza viwili vinashushwa. Viwili! Huhitaji nikueleze. Kesho yake nilipofika bombani wanawake walinyamaza, halafu mmoja akaniuliza kwa upole kama gauni nitajishonea mwenyewe. Nikamuuliza gauni la nini. Akasema, "La siku yenyewe."

Fundi naye, maskini, alifiwa na mkewe, kwa hiyo hadithi ilikuwa imekamilika bila sisi. Alikuja kwangu, akasimama mbali, barabarani kabisa, ili kila mtu amwone kwamba haingii. Akasema, "Mama, wanasema tunaoana. Mimi nilikuja kuuza vimeza tu." Nikamwambia asijali, nami nilikuja kununua tu.

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nikaingia ndani bado nacheka, nikafunga mlango, nikakuta sina wa kumsimulia.

Hapo ndipo niliponyong'onyea, mdogo wangu. Nikakaa kwenye kitanda kati ya vimeza vyangu viwili, nikajiona mjinga. Watu wanakuja kwangu kutwa, siwezi kusema siwaoni, lakini wanakuja kuongea habari za viuno na pindo. Wakishalipa wanaondoka. Jioni napika, na mpaka leo napika cha watu wawili, mkono umekataa kujifunza. Kinachobaki nakila asubuhi. Kuna siku nikimjibu mtu hodi, nasikia sauti yangu imekwaruza, nagundua hilo ndilo neno la kwanza nimesema tangu niamke. Nina upweke, Chiriku. Nimeliandika, limeandikika.

Maneno ya mtaani yana miguu, yakamfikia binti yangu huko alikoolewa. Akanipigia, sauti kali kama yeye ndiye mama. "Mama, ni kweli?" Nikamuuliza kweli nini. "Kwamba umenunua vimeza viwili!" Alivyolisema utadhani nimeiba. Nikamwambia kimoja ni cha mama yake mdogo, anakuja kukaa na mimi mwisho wa mwaka.

Akauliza, "Mama mdogo amekwambia anakuja?" Nikasema amesema. "Amesema lini, Mama? Mimi niliongea naye juzi juzi, akaniambia wamemwongezea mkataba wa miaka miwili."

Nikamwambia chungu kinaungua, nikakata simu. Hakukuwa na chungu jikoni.

Sikuandikii kukugombeza. Ningetaka kugombana ningepiga simu, salio lingekata tukiwa katikati na kila mtu angebaki na hasira zake. Niliumia, nalisema wazi. Sikuumia kwa sababu ya mkataba. Niliumia kwamba binti yangu alijua na mimi sikujua, na wewe umenipigia tangu hapo, ukanichekesha, ukakata simu bila kunigusia.

Nadhani najua kwa nini. Uliogopa. Ulijua nimelishika lile neno lako, wewe unanijua kuliko ninavyojijua, na hukutaka kuwa mtu wa kuninyang'anya. Lakini mdogo wangu, ukinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mimi ndiye ninayebaki nasubiri. Hata nilipokuwa na mashaka, nilikuwa natandika shuka huku najiambia upande ule ni wako.

Labda pia hujasaini. Labda wamekwambia tu, na wewe unapima. Kama ni hivyo, usipime kwa kunihurumia. Usije kwa sababu ya rangi ya ukuta wala kwa sababu dada yako anakula kiporo. Wasichana hao ni kazi yako, na najua unavyowapenda hata unapowatukana. Kama ni kubaki, baki. Nitalia kidogo, nitamaliza, nitaendelea na sare za watu. Kimeza cha pili nitakihamishia kwenye cherehani kinishikie vifungo na mikasi, hakitapotea bure.

Na kama moyo wako unataka kuja, njoo. Njoo na goti lako na kelele zako. Droo niliyokutengea ni tupu, nimeipangusa vumbi la mbao, sijaweka kitu hata sindano. Lakini uniambie wewe, kwa mdomo wako au kwa mkono wako. Nisisikie tena habari zako kupitia kwa mtoto niliyemzaa.

Nisalimie yule mpishi wenu wa sufuria lililotoboka, na mlinzi wa getini ambaye kila nikipiga simu ya ofisini ananiita bosi. Wasalimie mabinti wote, waambie atakayekuwa wa kwanza kufaulu nitamshonea gauni bila malipo, wengine watalipa nusu. Binti yangu na mumewe wanakusalimu, ingawa yeye sasa hivi anatuogopa sote wawili. Mama Mkaa hakusalimu, lakini angependa sana kujua habari zako.

Mungu akushike mkono kwenye ngazi hizo, akulaze salama na akuamshe salama, na akutie ujasiri wa kunijibu. Ndiyo au hapana, nitaipokea yoyote. Ila usichelewe, kwa sababu siku hizi nimeanza kujizoesha kulala ukingoni ili nikuachie nafasi. Kama huji, niambie, nirudi katikati.

Wako akupendaye kwa moyo wote,

Dada yako.